Fukara wa Kumi na Tatu

Learco Zambonin hakuamini kwamba ufukara upo Valdrana, na kila mwaka ilipofika Alhamisi Kuu alithibitishwa kuwa fukara mbele ya kanisa zima. Hakuona mgongano wowote hapo. Lile la kwanza lilikuwa suala la takwimu. La pili lilikuwa suala la chumba.

Chumba chenyewe kilikuwa ghorofa ya pili ya Nyumba ya Udugu, dirisha likitazama kituo cha mafuta. Kilikuwa na kitanda, kabati, beseni la kunawia, na bomba la joto lililogongagonga ukutani kama mtu mwenye haraka. Learco alikuwa amelala humo miaka sita, na hakuna alichokitaka duniani zaidi ya kulala humo mwaka wa saba.

Udugu, chama cha waungwana walioitwa Ndugu, ulianzishwa na Bibi Dorotea, mjane tajiri aliyenusurika tauni karne nyingi zilizopita. Aliwaachia waungwana wa Valdrana mashamba yake yote ya mizabibu kwa sharti moja: kila Alhamisi Kuu waoshe miguu ya mafukara kumi na wawili, wawaketishe meza moja, kisha wawape malazi na chakula hadi Kwaresima ya mwaka unaofuata. Fukara, ulisema wasia wake, ni mtu asiye na paa, asiye na mkate wa kesho wala nguo ya pili. Mwaka ambao kumi na wawili wasingepatikana, mashamba yangekwenda kwa watu wa Sorbigo, ng'ambo ya mto. Bibi Dorotea aliwajua watu wake. Mtu wa Valdrana anaweza kuvumilia hasara, lakini hawezi kuvumilia hasara ambayo ni faida ya Sorbigo.

Zamani sharti hilo halikumsumbua mtu, maana mafukara walipigana ngumi mlangoni. Siku hizi Valdrana inatengeneza mashine za kukatia nyama zinazouzwa dunia nzima, na hata paka wa mji wana bima ya matibabu. Mafukara walipatikana kwa taabu, na wakishapatikana walitunzwa vizuri, na hapo ndipo ugumu ulipoanzia. Mtu aliyelala mwaka mzima kwenye chumba chenye joto anaitwaje fukara Alhamisi Kuu inaporudi? Ndugu walilitatua hilo kwa desturi waliyoiita Juma la Nje. Jumapili ya Matawi, baada ya misa, kumi na wawili wale walirudisha funguo, wakaacha nguo ya pili kabatini, wakatoka na walichovaa. Wengine walilala stesheni, wengine chini ya daraja. Ndugu waliwafuata huko na supu na mablanketi, kisha Alhamisi asubuhi wakayakusanya mablanketi mbiombio, kwa kuwa blanketi ni mali.

Learco aliiona desturi hiyo kuwa ya kijinga lakini sahihi, na kwake usahihi ulikuwa na uzito zaidi. Alikuwa mpima ardhi. Miaka mingi ilikuwa imepita hajapima hata bustani, lakini mji uliendelea kumwita Mpima, kama unavyomwita kila mtu kwa cheo chake mpaka kaburini. Waajiri wake watatu walifilisika mmoja baada ya mwingine, na alipofika umri wa kustaafu aligundua kwamba, kwa kadiri ofisi ya pensheni ilivyojua, hakuwahi kufanya kazi. Posho ya wazee ilidai anwani ya kudumu, na chumba kinachohamwa kila Kwaresima hakikuwa anwani ya kudumu. Haya yote aliyaeleza bila uchungu, kama mtu anayesoma ramani. Kwenye baa, mtu akilalamika kwamba nchi imejaa njaa, Learco ndiye aliyemrekebisha. Njaa ya kweli, alisema, ina tafsiri yake. Na kwa tafsiri hiyo, hapa hayupo mwenye njaa hata mmoja.

Mwaka huo watu wa Sorbigo walipeleka malalamiko mkoani. Walidai kwamba mafukara wa Valdrana ni wanene. Mkoa ukamtuma Dokta Ersilia Tomat, mtaalamu wa takwimu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini aliyekuja na mwavuli, futi ya chuma na tabia ya kusubiri jibu mpaka lije.

Aliwahoji wote Jumatatu ya Juma Kuu katika ukumbi wa Udugu, chini ya picha ya Bibi Dorotea. Mkuu wa Udugu, Ottorino Pellizzon, mwenye kiwanda kikubwa kuliko vyote vya mashine zile, aliketi pembeni akitokwa jasho ndani ya joho lake la sherehe. Fukara wa kwanza alikutwa na jino la dhahabu. Dokta alisema dhahabu ni akiba. Mmoja wa Ndugu, ambaye ni daktari wa meno, alijitolea kuling'oa hapo hapo, na mwenye jino akafungua kinywa kabla ya kuulizwa. Fukara wa tano alikuwa na mbwa, na mbwa alikuwa na chanjo zote na hati ya kusafiria. Ilibidi mbwa aandikwe kwa jina la padri. Wa tisa alikuwa amevaa soksi mbili mbili kwa ajili ya baridi, na Dokta aliuliza kwa upole kama soksi za juu si nguo ya pili. Akavua zile za juu.

Ilipofika alasiri walikuwa wamepita kumi na mmoja. Mkuu alipumua. Aliyebaki alikuwa Mpima, na kila mtu alijua kwamba Mpima hana kitu.

"Bwana Mpima," Dokta alisema, "wewe ni mwenye nyumba."

Learco alisema kwamba bila shaka kuna makosa. Dokta akamweleza kwamba babu mzaa babu yake alijenga nyumba Prascuro, juu kwenye korongo, na kwamba nyumba hiyo haikugawanywa kamwe. Ilirithiwa, ikarithiwa tena, na sasa ilikuwa na wenyewe hamsini na wanne, wengi wao Argentina, wengine Australia, mmoja baharini. Learco alikuwa na fungu moja kati ya hamsini na manne.

Alipofikiri aliikumbuka. Alipelekwa huko mara moja utotoni, akaumwa na nyuki. Hakuwahi kupinga ukweli katika maisha yake na hakuanza siku hiyo. Alikiri kwamba, ndiyo, yeye ni mwenye nyumba.

Mkuu alitaka Learco aikane nyumba jioni ile ile. Ikaonekana kwamba kuikana kunahitaji wakili wa hati, na wakili wa hati wa bonde lote alikuwa amekwenda kuteleza kwenye theluji mpaka baada ya Pasaka. Tena huwa hafanyi kazi bure, na Udugu ukimlipia Mpima, basi Mpima atakuwa amepokea fedha. Learco mwenyewe ndiye aliyewaonyesha hilo. Kwa kifupi, alikuwa hana uwezo wa kugharimia ufukara.

"Wewe si mpima?" Mkuu alimgeukia, sauti ikipanda. "Tuambie basi. Nyumba inaacha lini kuwa nyumba?"

Lilikuwa swali la kitaalamu, naye alilijibu kitaalamu. Kwa sheria ya ardhi, nyumba iliyokosa paa si nyumba, ni gofu. Na mwenye gofu hana makazi. Dokta aliitikia kwa kichwa kwamba ndivyo. Mkuu akauliza kama ile ya Prascuro ina paa. Learco alisema tetemeko la ardhi liliangusha upande mmoja zamani. Upande wa pili hakuujua.

"Nenda kaangalie," Mkuu alisema. "Na Mungu akusaidie ukute limeanguka."

Alipanda kwa miguu, kwa kuwa nauli ni fedha. Jioni alifika akaikuta nyumba ya mawe yenye chumba kimoja kirefu. Nusu ya paa ilikuwa imeporomoka na miche ya mialoni ilikuwa imeota pale pa jiko la zamani. Nusu ya pili ilisimama imara, vigae vyake vya mawe vikiwa vimeota kuvu, na chini yake ulikuwa unatoka moshi.

Ndani alikuwapo mwanamke wa miaka sitini hivi, amevaa koti la kiume, anakoroga ugali wa mahindi ya njano katika sufuria nyeusi. Alimtazama Learco kuanzia viatuni hadi juu.

"Kama wewe ni wa serikali, nimechelewa kupika," alisema. "Kama wewe ni wa ukoo, angalia unapokanyaga. Hapo umemkanyaga Bahía Blanca."

Learco alitazama chini. Sakafu ilikuwa imechorwa kwa mkaa, mistatili midogo midogo iliyopangwa kama makaburi, na katika kila mmoja limeandikwa jina la mrithi au la mji anakoishi. Aliinua mguu.

Jina la mwanamke huyo lilikuwa Nives Dal Corso, binamu yake kwa upande wa bibi. Alikuwa ametandika vitanda miaka ishirini katika hoteli moja ya watelezaji theluji na kulala kwenye chumba cha watumishi. Hoteli ilipofungwa, chumba kilifungwa pamoja nayo. Halmashauri ilimwambia kwamba haiwezi kumsaidia mtu mwenye nyumba. Hivyo alipanda kuitafuta nyumba aliyokuwa nayo, na tangu vuli alikuwa anaishi ndani yake, kwa uangalifu mkubwa, katika fungu lake peke yake. Jiko aliliweka kwenye fungu la marehemu shangazi, ambaye asingekataa.

Learco alipima kwa hatua. Chumba kizima kiligawanyika vizuri: kila mrithi alipata eneo lisilofika mita mbili za mraba, yaani kitanda kimoja chembamba bila pa kuweka viatu. Alimwambia Nives kwamba michoro yake ina kosa dogo upande wa kaskazini. Nives akampa mkaa. Alirekebisha, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alihisi kwamba amefanya kazi.

Walikula ugali kwa machipukizi ya mwituni yaliyokaangwa kwenye mafuta ya nguruwe. Learco alimweleza yote: Bibi Dorotea, chumba, Sorbigo, Dokta. Nives alisikiliza akikwangua ukoko wa sufuria.

"Kwa hiyo mkiondoa hili paa," alisema, "wewe unakuwa fukara, unapata chumba."

"Ndiyo."

"Na mimi?"

"Wewe pia unakuwa fukara."

"Na sasa hivi ni nani?"

"Sasa hivi wewe ni mwenye nyumba."

Alicheka mpaka ikabidi aishike sufuria. "Basi nilikuwa sijui, binamu. Ningevaa hereni."

Usiku ule Learco alilala katika fungu lake, ambalo kwa bahati lilikuwa upande wenye paa, lakini alikuwa mrefu na miguu yake ilitokeza Melbourne. Asubuhi aliteremka hadi barabarani, akamkuta dereva wa Mkuu anasubiri, akatoa taarifa kwamba nusu ya paa ipo. Hakuulizwa kama kuna anayeishi chini yake, naye hakusema. Aliporudi juu jambo hilo lilimkera. Jibu kamili kwa swali pungufu ni jibu sahihi. Alijirudia hivyo mara kadhaa na kila mara likasikika kama kauli ya mtu wa Sorbigo.

Jumatano Nives aliamka mapema, akachukua mfuko. Alisema anakwenda msituni kutafuta machipukizi, na kwamba hataki kuwepo Ndugu watakapokuja kuliondoa paa.

"Fanya unavyojua," alisema. "Nikirudi nikikuta paa, tutakula. Nisipolikuta, tutakula pia. Ila usiniambie kwamba ni kwa faida yangu."

Ndugu walifika kabla ya adhuhuri, tisa hivi, wakiongozwa na Mkuu. Walikuwa na ngazi, kamba na viatu vya ngozi laini. Kwa kuwa wasia ulisema kila tendo kwa mafukara lifanywe kwa heshima, walikuwa wamevaa majoho. Dokta Tomat alikuja nyuma yao na mwavuli wake.

Ndipo watu wanaolipa kodi kubwa kuliko wote bondeni walipopanda juu ya paa la Prascuro na kuanza kung'oa vigae kwa mikono. Daktari wa meno alikuwa na kipaji. Alivitikisa kwanza, kisha akavitoa vizima. Mwenye benki alivipokea na kuvipanga. Mkuu, aliyekaa kwenye mhimili akiwa ametanua miguu, alitoa amri na kuomba Mungu kwa zamu. Chini, Learco aliwaelekeza waanzie juu kuteremka chini, si chini kupanda juu, maana wangeanguka wote. Mvua ya mawe ilianza. Walizidisha kasi, na kigae kimoja kilipoteleza na kupasuka Dokta aliwakumbusha kwamba vigae vya zamani vina bei nzuri mjini, hivyo rundo lile nalo lingeweza kuwa mali. Mkuu alilitazama rundo. Kisha akauliza kama rundo lililogawanywa kwa watu hamsini na wanne ni mali. Dokta alipiga hesabu kichwani akasema hapana, si kiasi cha kununulia mkate wa kesho.

Kigae cha mwisho kilipotoka, mbingu ilionekana nzima. Mawe ya mvua yalidunda kwenye sufuria ya Nives. Dokta aliingia, akatazama juu, akafunga mwavuli ili aone vizuri, akaufungua tena.

"Ni gofu," alisema. "Bwana Mpima, kuanzia sasa huna paa. Hongera."

Ndugu walipiga makofi kutoka juu ya kuta. Mkuu alishuka akamkumbatia Learco kwa joho lililolowa. Kumi na wawili wametimia, alisema. Sorbigo wakanywe maji ya mto.

"Swali la mwisho," Dokta alisema. Alikuwa anaangalia godoro la majani, sufuria, michoro ya mkaa inayofutika. "Kuna mtu anaishi humu?"

"Hakuna," Mkuu alijibu haraka. "Nani aishi hapa?"

Dokta hakumtazama Mkuu. Alikuwa anamsubiri Learco, kwa ile tabia yake.

Learco aliona mambo mawili kwa uwazi. Aliona dirisha lake na kituo cha mafuta. Na aliona kwamba safari hii swali halikuwa pungufu.

"Yupo," alisema. "Nives Dal Corso. Mmiliki mwenza. Tangu vuli."

Mkuu alikaa kwenye rundo la vigae. Muda si mrefu Nives alitokea mlangoni na mfuko wake wa majani, akatazama palipokuwa na paa, akatazama wanaume wenye majoho waliokuwa wamekaa juu ya kuta zake kama kunguru, akasema, "Karibuni."

Dokta alimhoji hapo hapo, akimfunika kwa mwavuli. Nguo ya pili hakuwa nayo. Koti lilikuwa la marehemu mtunza bustani wa hoteli. Mkate wa kesho hakuwa nao, majani yale yalikuwa ya leo.

"Na huna paa tangu lini?"

"Tangu hawa mabwana walipopanda."

"Inatosha," Dokta alisema. "Wasia unauliza hali, hauulizi muda."

Akaeleza, bila kuongeza wala kupunguza, hali ilivyokuwa. Kulikuwa na mafukara wawili na nafasi moja. Bwana Mpima alikuwa na chumba mpaka Jumapili iliyopita. Mwanamke huyu hakuwa na chumba tangu vuli. Kwa kipimo chochote yeye ndiye fukara zaidi. Learco alipitia hesabu hiyo kichwani akitafuta kosa. Haikuwa na kosa.

Mkuu, ambaye hakuwa mtu mbaya, alisema kwa unyonge kwamba huenda mezani pangeongezwa kiti. Wale walio ukutani walishtuka kana kwamba ametukana. Watu kumi na watatu, idadi ya mkosi, mezani, Alhamisi ile kuliko Alhamisi zote? Mwenye benki alisema kwamba mwenzake mmoja aliwahi kula kwenye meza ya watu kumi na watatu na kabla ya mwaka kwisha alioa Sorbigo. Basi meza ndogo ya pembeni, Mkuu alisema. Learco mwenyewe ndiye aliyemkumbusha kwamba wasia unasema meza moja, na kwamba Udugu ukimlisha au kumlaza mtu wa kumi na tatu hata kwa siri, watu wa Sorbigo watafika mahakamani kabla ya supu kupoa.

"Kumi na wawili ni kumi na wawili," alisema.

Nives alikuwa ameanza kuweka jiwe juu ya jiwe kukinga moto. "Mimi sitaki kiti cha mtu," alisema. "Nilikuwa na paa. Nirudishieni, kila mtu aende kwake."

Mkuu alimwomba. Alimweleza habari za mizabibu, mwisho akamweleza habari za Sorbigo, na ni hapo tu Nives alipolegea, kwa kuwa mama yake alizaliwa Valdrana. Alimgeukia Learco.

"Chumba kina joto?"

"Bomba linagonga. Ukilipiga kwa kiatu linanyamaza."

"Na wewe?"

"Mimi najua kuezeka," alisema Learco. "Kwa nadharia."

Nives aliinua sufuria aondoke nayo, na Dokta akakohoa. Sufuria ni mali. Aliirudisha chini. Mfuko wa machipukizi nao ulikuwa mkate wa kesho, kama yasingeliwa leo, akauacha pia. Aliteremka korongoni na wale mabwana, mikono mitupu, na Mkuu alimshika mkono penye utelezi kana kwamba amebeba yai.

Kesho yake, wakati kengele za Valdrana zinasikika kwa mbali, Learco alikuwa juu ya ngazi ambayo Ndugu waliisahau. Mikono ilikuwa imezeeka lakini jicho lilikuwa zima. Alichagua boriti tatu zenye afya, akazipa mwinamo unaotakiwa, akaanza kurudisha vigae kutoka chini kupanda juu. Hakuwa na nguvu za kuezeka chumba. Aliezeka fungu lake. Lilimchukua mpaka Jumapili, na lilipokwisha palikuwa na paa dogo katikati ya gofu kubwa, la upana wa kitanda, lililonyooka kuliko kitu chochote Prascuro. Pembeni alikuwa ameshasimamisha boriti mbili na kupanga vigae vingine, kwa fungu la Nives.

Jumatatu ya Pasaka watu wa Valdrana hupanda milimani na vikapu vya chakula, mvua inyeshe isinyeshe. Ilikuwa inanyesha. Mkuu alikuja na familia yake, na nyama ya mwana-kondoo iliyopoa, na keki yenye umbo la njiwa. Nives alikuja pamoja nao, amevaa viatu vipya. Alisema kwamba Mkuu alipoanza kumwosha mguu alitekenywa akacheka kanisa zima likasikia, na wanawake wa mji wakalia wakidhani ni furaha ya wokovu. Bomba alilipiga kwa kiatu, kweli likanyamaza.

Dokta Tomat alikuja mwisho. Alikuwa anafunga taarifa yake na alibakiza jina moja. Alizunguka kile kipaa, akatoa futi, akapima urefu na upana.

"Paa lipo, Bwana Mpima?"

"Lipo, Dokta."

"Linamtosha mtu mmoja akilala?"

"Akikunja magoti."

Basi, alisema, mambo yamekwisha. Wale kumi na wawili wana vyumba, hivyo si mafukara. Yeye ana nyumba, hivyo si fukara. Ufukara Valdrana ni sifuri, kama ilivyo mkoani na, kwa kadiri ajuavyo, nchini. Hakusema kwa ubaya. Learco alikubali kwa kichwa; ndivyo naye alivyokuwa akisema siku zote kwenye baa. Kwa ajili ya usahihi aliona vema kuongeza kwamba panavuja, pale ukingoni.

Dokta aliinama akatazama michoro ya mkaa ambayo Learco alikuwa ameichora upya. "Panavuja kwenye fungu lako?"

Learco aliangalia. "Hapana," alisema. "Ni kwa binamu wa Bahía Blanca."

Dokta alifunga futi yake, akala kipande cha keki akiwa amesimama, akaaga. Mkuu naye alienda kutafuta jiwe kavu la kukalia. Nives alibaki akizitazama zile boriti mbili na vigae vilivyopangwa.

"Hivi ni vya nini?"

"Vya kwako. Wiki ijayo nitakuwa nimemaliza."

Alisogea haraka, kama mtu anayeona mtoto anachezea kisu, akavisogeza vigae kwa mguu mpaka nje ya mstari wake.

"Usithubutu, binamu," alisema. "Fungu langu liache hivyo hivyo. Nitalihitaji mwakani, Juma la Nje."

Learco alifikiri, akaona kwamba ni kweli. Waliposhuka wote, alizichukua boriti zile mbili akaanza kuezeka Bahía Blanca.